Nahodha wa Somanda

Pesa ya pamba imemwasha jirani yangu wa Somanda. Wiki ya pili sasa hana usingizi: achukue boti la mtumba la futi 18 au la futi 24? Yale bapa, yanayoelea juu ya maboya ya alumini, yenye sofa na turubai la kivuli. Ziwa lenyewe liko Busega, mwendo wa kama kilomita 70 kwa barabara ya Lamadi. Hapa Bariadi maji tunayoyajua ni ya madumu, na mto Simiyu kiangazi hugeuka mchanga.

Mama watoto kauliza habari ya petroli. Kajibiwa habari ya upepo. Fundi kamshauri ayagonge maboya, asikie kama yamenywa maji. Yeye kagonga spika. Wakwe wa Itilima wameshagawiwa viti, na kofia ya unahodha imeshanunuliwa (haibani).

Jana nimemkuta anapima geti kwa kamba. La futi 18 linakata kona na kuingia. La futi 24 mpaka ukuta ubomolewe. Mafundi wanakuja Jumatatu.