Futari Saa Tisa na Nusu

Barua ya kazi iliingia kwenye simu yangu katikati ya feri ya Likoni, nimebanwa baina ya mkokoteni wa madafu na mama mmoja mwenye kuku wawili kikapuni. Nilisoma mstari wa kwanza nikapiga ukelele. Kuku mmoja akaruka. Yule mama akanitazama, akaitazama na sare yangu, akauliza, "Sista, kuna aliyefariki?" Nikamwambia la, nimepata kazi Uingereza. Alimdaka kuku wake kwa bawa, akamrudisha. "Hongera. Lakini huyu angalitumbukia baharini, ungemlipa kwa pesa za huko huko."

Kuvuka Likoni hakuchukui muda. Kabla hatujagusa ng'ambo, abiria watatu walikuwa wameshanishauri niende, mmoja nisiende, na kijana wa madafu ameniuliza kama natafuta mtu wa kunibebea mizigo mpaka huko.

Kazi yenyewe ni ya kutunza watoto njiti, katika hospitali moja mjini Inverness, kaskazini mwa Uskoti. Naiita kazi ya ndoto na sioni haya. Kwa viwango vya Waingereza, kichanga aliye katika uangalizi mahututi huwa na nesi wake. Mmoja kwa mmoja. Mimi nimepitisha usiku ambao wodi nzima ilikuwa ni mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili na vichanga ishirini na wawili. Ukimgeukia huyu umlishe kwa mpira, yule anasahau kupumua. Si mzaha, njiti husahau kupumua. Unamkuna unyayo, anakumbuka, mnaendelea na maisha. Ikifika saa kumi alfajiri, anayehitaji kukunwa unyayo ni mimi.

Safari ya kuifikia barua hiyo ilianza na Kiingereza. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya, na miezi michache baadaye waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kati ya manesi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza walipita kumi tu. Nchi nzima ilitucheka. Mimi pia nilicheka, mpaka zamu yangu ilipofika. Baraza la wauguzi la kule linataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kwenye kuandika nilipata 6.

Kosa si langu, ni la faili za wodini. Miaka kumi na moja nimeandika "Amelala. Ananyonya vizuri. Hana homa." Sasa mtahini anataka maneno 250 juu ya usafiri wa umma mijini. Nikamwandikia kwamba abiria ni wengi, basi limechelewa, hali ni ya wastani, tunaendelea kufuatilia. Nikahesabu: maneno tisini na nne. Mara ya pili nilimwiga mjomba wangu, ambaye hawezi kukuomba chumvi mezani bila kuanzia enzi za Mreno. Nikapata 7.

Ndipo yakaja mahojiano, kwa video, na huko nikagundua kwamba Kiingereza nilicholipia mara mbili si kile wanachozungumza Inverness. Walikuwa wanawake wawili na mwanamume mmoja, wote wakunjufu, wote wakizungumza kana kwamba wana kiazi cha moto mdomoni. Swali la kwanza sikuambulia neno. La pili niliambulia "mtoto". Jogoo wa jirani akawika, wakacheka, nami nikacheka, na hapo angalau tulielewana. Stima zikapotea, nikahamia kwenye bando la simu, uso wangu ukiwaka kwa mwanga wa skrini tu kama jini la mbuyuni.

Lililoniokoa ni leso. Mwanamume aliuliza, polepole kwa bahati nzuri, kama nina uzoefu wa huduma ya kangaruu, ile ya kumfunga njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Iliasisiwa Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu inkubeta hazikutosha. Nikamwambia, kaka yangu, kwetu hazijatosha mpaka leo. Nikainuka, nikachukua leso kwenye kamba, nikamfunga mwanasesere wa binti yangu kifuani mbele ya kamera: upindo chini ya matako, fundo begani, kichwa upande ili apumue. Walinyamaza wote watatu. Mmoja wa wale wanawake akaomba nirudie fundo, na nikamwona anaandika.

Mwishoni waliniuliza jambo refu wakitabasamu. Sikuelewa. Nikajibu ndiyo, kwa furaha kubwa. Barua ya kazi ilipokuja ndipo nikajua nimekubali nini: ilimalizia kwa kusema wamefurahi kusikia napenda kupanda milima, na kwamba wodi ina kikundi kinachopanda kila Jumamosi, mvua ikinyesha isinyeshe. Mimi nimezaliwa Mombasa. Ngazi za hospitali yetu nazipanda kwa kupumzika katikati.

Ulibaki mtihani wa vitendo, ambao hufanyiwa huko huko Uingereza, vituo kumi, na katika baadhi unatakiwa uzungumze na sanamu kama mgonjwa hai: umsalimie, umwambie jina lako, umwombe ruhusa ya kumgusa. Nikaamua kuanza mazoezi nyumbani. Sanamu sikuwa nayo, nikachukua gunia la mchele la kilo 25. Nikalilaza sebuleni, nikaliuliza kwa Kiingereza kama linanisikia, nikaita msaada, nikaanza kulibonyeza kifua: mara 30, kisha pumzi mbili, tena 30, kwa kasi ya mia moja hadi mia na ishirini kwa dakika. Nilikuwa nimeinamia mdomo wa gunia, navuta pumzi ya pili, nikasikia mkongojo ukianguka mlangoni.

"Shikamoo nyanya," nikasema, bado nimeshika gunia.

Hakuitikia marahaba. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, midomo inakwenda. Baada ya nusu saa nyumba nzima inanuka ubani, maalim ameketi barazani, na mimi nimewekewa mbele kikombe cha kombe, maandishi ya zafarani yakielea kwenye marashi. Nikaeleza: ni mtihani, nyanya, ni kazi. Maalim, mtu mwenye busara, aliuliza kama gunia lilipona. Nikamwambia bado. "Basi kunywa," akasema. Nikanywa.

Kikao cha ukoo kikaitishwa Jumapili. Mjomba alikuja na kalkuleta. Nilitaja mshahara, zaidi ya pauni 30,000 kwa mwaka, akazidisha kwa shilingi, akakionyesha kioo kwa watu wote kwa zamu kama mpigaramli. Nilipomwambia kuna kodi, alisema kodi ya nyumba hata hapa tunalipa. Nikamwambia hiyo ni ya nyumba, kuna na ya serikali. Akasema Mwingereza hana haya, anakukodisha nyumba halafu anakutoza kwa kukodi. Kodi mbili hizo hazikuweza kutenganishwa mpaka chai ikaisha. Kalkuleta iliachwa mezani na ile namba ya kwanza, ndefu, haijapunguzwa hata senti.

Mamangu hakujali pesa. Alitaka kujua saa za swala. Msikiti nilimhakikishia upo; hata Stornoway, kisiwani kabisa, walifungua wao mwaka 2018. Jua je? Nikafungua simu nikamsomea: mwishoni mwa Desemba, Inverness, jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri na ushei.

"Magharibi saa tisa na nusu?" Kibao cha mbuzi kilisimama. "Yaani Ramadhani ikiangukia Desemba, watu wanafuturu saa tisa na nusu?"

Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, na mamangu alihesabu kwa vidole bila kalkuleta: mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari, halafu tena mwisho wa Desemba. "Nenda, mwanangu," akasema, na akaanza kukuna nazi upya. "2030 mimi niko kwako." Mjomba akamkumbusha kwamba Juni kule jua huzama baada ya saa nne usiku. Mamangu akamjibu kuwa Juni yeye atakuwa Mombasa.

Aliyebaki kimya ni baba watoto. Viza yangu inamruhusu aje na binti yetu, na hapo ndipo penye kidonda, kwa sababu yeye ni fundi wa friji na AC. Mombasa hakosi kazi hata siku moja. "Huko wana friji?" aliniuliza usiku. Nikamwambia wanazo. Akawaza. "Friji ndani ya friji," akasema, akageukia ukutani.

Hata hivyo, ni muungwana. Alinipeleka kesho yake kwenye chumba cha barafu anachokitunza, cha wenye samaki, ili nionje baridi kabla sijajibu barua. Nilivaa majaketi mawili na buibui juu. Dakika ya nne sikuzihisi nyusi. Ya sita nilianza kuwaomba radhi changu mmoja mmoja. Alipofungua mlango nikamuuliza, meno yakigongana, ni nyuzi ngapi. Kumi na nane chini ya sifuri. Tukatazama ya Inverness kwenye simu: Januari, nyuzi chache tu juu ya sifuri. Niliona kumbe nahamia nchi ya joto.

Wakati huo mtaa ulikuwa umeshaniamulia. Kikundi chetu cha akina mama kilichanga bila kuniambia, wakapika pilau la sufuria mbili, wakanisomea dua ya safari, wakanikabidhi bahasha na orodha. Jezi saba za Arsenal, na mbili za mtu asiyejua timu yake bado. Nilijaribu kueleza kwamba sijajibu barua, na kwamba kutoka Inverness hadi London ni kama Mombasa hadi Kisumu. "Kwani Kisumu hakuna maduka?" akasema mwekahazina. Na pilau likishaliwa halirudi.

Barua ilinitaka nijibu kabla ya Ijumaa jioni. Alhamisi nilikuwa zamu ya usiku. Kulikuwa na mtoto wa gramu 1,050, siku ya kumi na mbili, kafungwa kwa leso kifuani kwa mamake, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeogopa kusinzia asimwangushe. Nilimkazia fundo. Akaniuliza, "Sista, kesho upo?" Kesho yake nilikuwa zamu, kwa hiyo nikamwambia nipo, na ilikuwa kweli, na bado nilikwenda kusimama kando ya sinki kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kuosha mikono. Chuo tulimaliza pamoja na dada mmoja mwenye mikono mizuri kuliko yangu; anauza viazi karai Kongowea, kwa sababu nafasi ya kazi hakupata. Nilimpigia saa sita usiku. Aliniambia, "Nenda, shoga, labda watatangaza nafasi yako." Sote wawili hatukuamini.

Ijumaa nilirudi nyumbani macho mekundu. Baba watoto alikuwa bado hajaenda kazini. Alikuwa na simu mkononi na mchoro kwenye karatasi ya chapati.

"Kule nyumba wanazipasha moto kwa mashine fulani, pampu ya joto," akasema. "Nimeiangalia usiku kucha. Kompresa ileile, gesi ileile, mabomba yaleyale." Akaigeuza karatasi juu chini. "Ni AC iliyotazama nyuma."

Nikajibu barua saa sita mchana, nikasema ndiyo, na safari hii nilijua nimeulizwa nini. La milima nimelinyamazia.

Tunaondoka mwezi ujao. Mwenye sweta nzito aliyoirithi kwa mtu wa bara na hana kazi nayo, ailete kwetu kabla ya Jumapili. Nyanya ndiye anayepokea. Gunia la mchele limeondolewa sebuleni, hatafukuza mtu.