Piste 07, Artiste inconnu: Mwongozo kwa Mwenye Kompyuta wa Musonoi

Umepata kompyuta. Hongera. Meza unayo, mwavuli wa matangazo ya simu unao, waya wa umeme umeuvuta kwa jirani ambaye bado hajajua, na spika umeielekeza barabarani ili Musonoi nzima, hapa Kolwezi, isikie kwamba hapa nyimbo zinatiwa kwenye kadi za simu. Wateja watakuja: vijana wanaotoka machimboni na vumbi lao, akina mama wa sokoni, wazee wa kampuni ya madini ya Gécamines wanaotaka nyimbo za enzi ambazo mshahara ulikuwa ukifika. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba hakuna hata mmoja atakayeondoka na wimbo unaoitwa kwa jina lake halisi. Kazi hiyo ina ufundi, na ufundi huo ndio tunaoufundisha hapa.

Anza kwa kutoandika chochote. Chukua sidii ya zamani, iingize, iachie mashine kazi. Sidii ya kawaida ya muziki haibebi majina ya nyimbo; imebeba sauti, na mahali kila wimbo unapoanzia na unapoishia, basi. Kompyuta ikitaka majina hupima urefu wa nyimbo zote, kisha huuliza kwenye hazina ya intaneti: ni sidii gani yenye vipimo hivi? Mwenye intaneti hupata jibu. Mara mojamoja sidii mbili hulingana vipimo, na kwaya ya Ujerumani ikakaa juu ya sebene ya Kinshasa. Bahati kama hiyo ikikuangukia, itunze. Lakini wewe megabaiti zako ziliisha asubuhi. Kwa hiyo kompyuta, ambayo imesomea Kifaransa kama sisi sote, itaandika: Piste 07, Artiste inconnu, Album inconnu. Usiguse. Huyo Artiste inconnu ndiye mwanamuziki mkubwa kupita wote waliowahi kusikika mkoani Lualaba. Ameimba rumba, ameongoza kwaya za Kimethodisti, amehubiri, amechekesha, na hajawahi kuja kudai haki zake.

Ukilazimika kuandika, chagua majina marefu. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni namna ya kubandika lebo mwishoni mwa faili la MP3. Lebo nzima ilikuwa baiti 128, na humo jina la wimbo likapewa herufi 30, mwimbaji 30, albamu 30. Bwana huyo hakuwa na nia mbaya, ila hakuwa ameziwazia orkestra za Kongo. Andika «Luambo Makiadi Franco et le T.P. O.K. Jazz» uone panga linavyoshuka: «Luambo Makiadi Franco et le T.» Tout Puissant mzima kabaki herufi moja na nukta! Na huku kwetu, T hiyo kila mtu anajua imaliziwe vipi. Mteja ataondoka akiamini kwamba Franco aliwahi kurekodi na timu ya mpira ya T.P. Mazembe, pengine wachezaji wakiitikia. Usimrekebishe. Lebo za siku hizi zina nafasi ya kutosha, lakini mafaili ya zamani yanaendelea kuzunguka kutoka flashi hadi flashi na mikato yake ileile.

Alama za Kifaransa nazo zitakusaidia bila jasho. Lebo ikiandikwa kwa mfumo mmoja wa herufi na kusomwa kwa mwingine, Indépendance Cha Cha inatoka «Indépendance Cha Cha». Uhuru wetu wenyewe, na nembo ya haki miliki ya mtu mwingine imekaa katikati. Wimbo huo ni wa Grand Kallé na African Jazz, uliotungwa Brussels mwaka 1960 wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara. Wewe mwandikie Franco, maana kila kilichoimbwa kabla hujazaliwa ni cha Franco. Ndiyo kanuni ya meza zote za Kolwezi. Mjuaji akikujia juu, mjibu kwamba Vicky Longomba na Brazzos wa O.K. Jazz walisafiri na Kallé kwenda Brussels. Ni kweli kabisa, na haithibitishi lolote, lakini atanyamaza.

Kuhusu aina ya muziki, usihangaike. Katika lebo ile ya zamani aina ni namba tu, na orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80. Polka imo. Rumba haimo. Sifuri ni Blues, kwa hiyo programu ikijaza sifuri kwa uvivu, Kongo nzima inageuka Mississippi. UNESCO waliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mnamo Desemba 2021. Simu ya mteja wako haijapata barua hiyo.

Sasa tufike kwa Mwenda, maana hapo ndipo fundi hujulikana. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimkuta kijana huyu na gita lake Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akarekodi wimbo wake Masanga. Baadaye kijana akaenda Nairobi, na vidole vyake vikaigwa na wapiga gita wa huko. Mtu mmoja, gita moja. Kazi yako ni kumfanya wanne: Mwenda Jean Bosco, Jean-Bosco Mwenda, Bosco Mwenda na Mwenda wa Bayeke. Programu hupanga kwa alfabeti, kwa hiyo mzee mmoja atakaa chini ya B, chini ya J, na mara mbili chini ya M, kila mmoja na nyimbo zake chache. Mteja akiuliza yupi kati yao alikuwa hodari, sema Bosco, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.

Mobutu naye alikurahisishia kazi. Mwaka 1972 alipokataza majina ya Kikristo, wanamuziki waliingia upande mmoja wa sahani na jina hili wakatokea upande wa pili na jina lile. Mkoa nao haukutulia: Katanga, halafu Shaba kuanzia 1971, halafu Katanga tena 1997, na tangu 2015 sisi ni Lualaba. Wimbo ule ule unaweza kutoka mikoa mitatu bila kuondoka chini ya mwembe mmoja. Kwenye nafasi ya mwaka, weka mwaka uliounakili wimbo. Masanga, 2011. Inapendeza.

Na tusidanganyane kwamba huku lebo sahihi haziwezekani. Mgodi wa Musonoi, huu huu, umetoa madini yaliyosajiliwa kwa uangalifu wa kuogopesha: demesmaekerite mwaka 1965, marthozite 1969, derriksite 1971, kila moja na jina la mkubwa wa kampuni ya madini ya Union Minière. Chembe ya kijani ambayo ungeipuliza ikapotea ina jina, mgodi, mwaka na bosi wake. Tracey pia aliandika kadi za nyimbo zake: nani kapiga, wapi, kwa chombo gani. Kabila la wapenda lebo limepita hapa mara mbili, likaondoka na karatasi zake. Kuandika «Gita ya zamani (2) copie copie» ni mchango wetu wenyewe.

Ukitaka kupanda daraja, jifunze kutumia mabanga. Wanamuziki wa Kinshasa hutaja ndani ya wimbo majina ya matajiri, nao matajiri hulipa ili watajwe. Wewe chukua jina linalotajwa mara nyingi zaidi, lifanye ndilo mwimbaji. Tajiri atafurahi, mwanamuziki keshalipwa, na mteja atadhani yule mfanyabiashara wa magari ana sauti tamu ajabu. Tovuti zinazogawa nyimbo za bure hutumia mbinu hiyohiyo bila aibu: hufuta jina la mwimbaji zikaweka anwani yao, na ndiyo maana kuna watoto hapa wanaodhani www ni bendi.

Usiogope kwamba wateja watashindwa kueleza wanachotaka. Hawatumii majina hata kidogo.

— Mwana, unitafutie ile wimbo.
— Gani, papa?
— Ile yenye gita.
— Zote ziko na gita, papa.
— Ile yenye gita inalia muzuri.

Hapo unafungua faili moja baada ya jingine, sekunde kumi kila moja, huku umeme ukitishia kukatika, mpaka mzee anapiga meza: «Njo ile!» Tazama lebo imesema nini. Imesema «NDOA YA YAYA_FINAL». Mpe, pokea pesa. Kuanzia leo, nyumbani kwake, wimbo huo utaitwa Ndoa ya Yaya, na wajukuu wataomba upigwe kwa jina hilo.

Adui wako ni mmoja tu: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi mwenye miwani na programu ya kusahihisha lebo, ile inayosikiliza sauti yenyewe na kuuliza kwenye hazina. Atakuambia anataka kuokoa urithi. Mpe kiti, mpe diski yote, mtoze ya umeme. Atafanya kazi hadi jioni. Mwenda atarudi kuwa mtu mmoja, Kallé atapata wimbo wake, Artiste inconnu atafilisika. Lakini kesho yake mama wa maharusi atakuja kuomba Piste 23, ile ya kuingilia ukumbini, na haitakuwepo. Mlinzi wa kanisa ataulizia «Franco polepole», hakuna. Foleni itafika kwa muuza mafuta, wote wakidai nyimbo wanazozijua kwa majina wanayoyajua, na wewe huna la kuwapa isipokuwa usahihi.

Kwa hiyo, kabla kijana hajakaa, nakili diski nzima na makosa yake yote kwenye flashi, uifiche chini ya kitambaa cha meza. Folda iite «BON».