Ondoa Jiwe Lako Barabarani

Mfyuu! Mawe yale bado yapo. Lori lenyewe lilishatengemaa tangu alfajiri, saa hizi limeshapita Ruaha Mbuyuni linautafuta mlima wa Kitonga, ila mawe yake manne na matawi yaliyonyauka limetuachia sisi wa Mikumi, juu ya lami, hatua chache kabla ya kona. Dereva alipata muda wa kukata matawi. Tingo alipata nguvu za kuyabiringisha mawe kutoka mtaroni na kuyachomeka nyuma ya magurudumu. Wakafungua tairi, wakafunga jingine, wakanawa mikono, wakaondoka. Dakika mbili za kurudisha mawe pembeni ndizo zilizowashinda.

Na msiniambie ni jambo dogo. Lori jingine likilipanda jiwe lile litatikisika kidogo, basi. Bodaboda akilikuta saa mbili usiku, taa yake hafifu, nyuma amepakia mama na mtoto mgongoni, hilo jiwe ni msiba wa watu watatu. Waulizeni vijana wa bodaboda hapa kijiweni kama nasema uongo. Aliyeliweka jiwe lile hakuwa na nia mbaya. Lililisaidia lori lisirudi nyuma. Lakini lilipomaliza kazi kwake likaanza kazi nyingine kwetu, na yeye hayupo.

Matawi sina ugomvi nayo. Kutoka Dar hadi Tunduma, na kwa wenzetu Kenya na Kongo, dereva akiona majani mabichi yamelazwa lamini anajua mbele kuna gari bovu, anapunguza mwendo. Mchana ishara hiyo inafanya kazi. Usiku jani halirudishi mwanga. Dereva anaanza kuliona akiwa amelikaribia mno, na hapo anaweza kulidhani ni kivuli. Ndiyo maana zikatengenezwa pembetatu zile nyekundu zenye kung'aa.

“Lakini mzee, pembetatu sote tunazo,” akadakia kijana mmoja wa teksi. Ni kweli mnazo, mwanangu. Zimo kwenye boksi lake ndani ya buti, nailoni haijachanwa. Trafiki akiuliza mnafungua buti anaziona, mnaagana. Siku gari likigoma, mnaitoa moja na kuisimamisha hatua tatu nyuma ya bampa.

Tupige hesabu basi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. La kilomita 100 linakula mita 28 hivi. Dereva hadi aone, aelewe, na mguu wake uhame kutoka kwenye mafuta uende kwenye breki, sekunde moja au moja na nusu imeshakwenda, na gari bado lina mwendo uleule. Pembetatu ya hatua tatu inamwambia nini mtu huyo? Anaiona yenyewe na gari lako kwa mpigo mmoja. Tembea hatua mia, kaka. Kama umeharibikiwa baada ya kona au nyuma ya mwinuko, ipeleke huko kabla ya kona, kabla ya mwinuko, mahali ambapo anayekuja bado ana barabara ya kutosha kusimama. Njia hii ni ya magari yanayopishana, kwa hiyo nyingine weka mbele. Na unapokwenda kuiweka pita nje ya lami, umeishika kifuani, imewatazama wanaokuja.

Hazadi nazo ziwake. Hapa ndipo ninaposonya zaidi. Hazadi ni ya gari lililosimama pabaya, lakini tumeigeuza salamu. Mtu anaiwasha kwenye makutano kuonyesha kwamba anakwenda moja kwa moja. Mwingine mvua ikimnyea kidogo anaiwasha na kuendelea na safari, na kwenye magari mengi hazadi ikishawaka indiketa haionekani tena, kwa hiyo anayekufuata hajui kama unakata kushoto au kulia. Macho ya watu yameizoea taa ile mpaka siku inawashwa kwa shida ya kweli, hakuna anayeshtuka.

Mara nyingi kinacholisimamisha gari njiani kilikuwa kimeshaanza kusema siku nyingi. Kuchemsha, kwa mfano. Kuna mzee hapa, dereva wa malori aliyestaafu, ana kovu linaloanzia kiwiko hadi kwenye kiganja, ngozi imejikunja na haioti hata unywele mmoja. Ni mfuniko wa rejeta. Maji ya rejeta gari likiwa na moto yamebanwa kwa shinikizo, ndiyo maana yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Fungua mfuniko: shinikizo linatoka mara moja, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia. Ukiona mshale wa joto unapanda, zima AC, fungulia hita hadi mwisho hata kama jua linachoma, maana hita inavuta joto la injini, kisha tafuta pa kusimama. Zima injini. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kulishika bomba la juu la rejeta bila kuungua. Ndipo uweke kitambaa kizito juu ya mfuniko na kuufungua polepole. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi, silinda hedi itapinda au itapasuka, na hapo umeondoka kwenye gharama ya maji umeingia kwenye gharama ya injini.

Mafundi wetu nawaheshimu, wametulisha na kutusafirisha, lakini hili la kung'oa thamostati waliache. Gari linapelekwa gereji linachemsha, fundi anaing'oa thamostati, anasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Kazi ya kifaa kile ni kuzuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ifikie joto lake la kazi. Ukikitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi, oili inachafuka mapema. Na kama tatizo lilikuwa rejeta iliyoziba, bado imeziba. Mjini utaona raha. Siku utakapoikabili Kitonga na mzigo, mshale utapanda vilevile.

Kitonga kupanda kunachosha injini. Kushuka ndiko kunakoua. Madereva wa zamani wana kanuni yao: gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Sasa kuna wanaoweka nyutro wakidai wanaokoa mafuta. Wengi wanaendesha magari ya kisasa, na injini ya kisasa ikiwa kwenye gia, mguu haupo kwenye mafuta, gari linashuka, inakata mafuta yenyewe. Kwenye nyutro ndiko inakohitaji mafuta ili isizimike. Kwa hiyo huokoi chochote, na uzito wote umeutupia breki. Breki zinapata moto, mafuta ya breki yanapata moto, na mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu kadiri muda unavyopita. Yakizeeka yanachemka mapema, yanatoa mapovu ya mvuke, unakanyaga mguu unazama hadi sakafuni na gari linaendelea kwenda. Ndiyo sababu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kama kopo limejaa mpaka kwenye mstari. Wangapi hapa tumewahi kuyabadilisha? Tunaongezea tu.

Upepo wa matairi nao tunaupima kwa teke. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko. Haya magari yetu mengi yametoka Japani, kibandiko kimeandikwa kwa maandishi ya kwao, mtu anakitazama kila siku na kuona kwamba hakimhusu. Namba kinazo. Ukiona 220, hiyo ni kipimo cha kPa, mwambie fundi tairi akujazie 32 kwa kipimo chake. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja kila linapozunguka, linapata moto, na barabara ya hapa kuelekea Morogoro saa nane mchana haihitaji kusaidiwa kulipasua. Soma na ubavu wa tairi: mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukinunua tairi la mtumba lenye kashata nzuri, soma hizo kwanza. Mpira unazeeka hata ukiwa umetundikwa dukani.

Na ufungue buti leo uangalie kama spea ipo. Magari madogo mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni yalitoka kiwandani bila tairi la akiba, yana pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuzibia pancha, na dawa hiyo ina tarehe ya kuisha. Kuna watu watano kijiweni hapa ambao hawajui la kwao lina nini. Ukikuta chini ya dashibodi, miguuni pa abiria wa mbele, kishikio kitupu cha plastiki, hapo palikaa tochi ya moto mwekundu ambayo sheria ya Japani inataka kila gari liwe nayo, ya kuwashwa dakika tano kuwaonya wengine. Waliolitumia gari hilo kabla yako walidaiwa wawe tayari kwa siku ya kukwama.

Kubadili tairi mnajua. Nasisitiza nati tu: zilegezwe tairi likiwa chini, kabla ya jeki. Na mwili wako usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota nati moja.

Sasa sisi wa kando ya barabara, ambao gari likianguka tunakuwa wa kwanza kufika. Msamvu ya Morogoro si mbali na hapa. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakaenda na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Miaka kumi nyuma, tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan kule Kenya, ilikuwa hivyohivyo, na waliokufa walizidi 100 pia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unaifuata mitaro, unakutana na cheche mahali ambapo wewe hata harufu huisikii sana. Ukiona lori la mafuta limelala, wazuie watoto, zima pikipiki yako mbali, piga 114 kwa Zimamoto. Anayekuja na dumu mshike mkono mrudishe, hata akikutukana.

Na abiria wa mabasi. Basi likiharibika, konda anafungua mlango, watu wanashuka na kujikusanya nyuma ya basi kwa sababu ndiko kwenye kivuli. Kina mama wanakaa chini, mtoto analala kwenye khanga, mgongo umeegemea tairi la nyuma, juu ya lami. Gari lolote litakalokosea nyuma litawakuta wao kwanza. Konda, washushe kwa mlango wa upande wa mtaro, wavushe mtaro, wakae mbali na barabara hata kama kule kuna jua. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi ni tofauti, tembo na simba hawana taarifa kwamba basi limeharibika. Watu wasitawanyike porini, wabaki ndani hadi askari wa hifadhi au trafiki wafike. Konda akinyamaza, abiria mmoja aseme. Mwambie dereva kwa heshima, “Baba, tupeleke ng'ambo ya mtaro kwanza, ndipo utengeneze.” Akisema anakimbizana na muda, mrudie tena, na mwenzako wa kiti cha pili akuunge mkono.