Dereva Aliyetoroka

Jumamosi moja nilikaa mbele ya kompyuta na kikombe changu cha chai, nikakuta ikoni zote zimehama. Folda hakuna, faili hakuna, hata lile pipa la taka limeondoka na taka zake. Imebaki picha ya harusi yetu niliyoipamba kwenye kioo. Ndipo nilipomwona shangazi, niliyemnunia miaka 3 kwa kutokuja harusini, amesimama nyuma ya keki anatabasamu. Kumbe siku zote amefunikwa na faili la bajeti.

Mtuhumiwa wa kwanza akawa mwanangu wa darasa la pili. Akakana hadi akalia. Nikamwita kijana wa jirani, anayeheshimika mtaani kwa kuwa aliwahi kufufua rimoti iliyotumbukia kwenye mchuzi. Akakuna kidevu, akahukumu: "Mzee, draiva ya grafiki imekorofisha. Tuiondoe."

Mama mkwe, aliyekuwa barazani akichambua mchele, akadakia: "Mkwe, huyo dereva mmeshamripoti polisi? Akivuka Chalinze hamumpati tena."

Tukaiondoa, tukazima, tukawasha. Ikoni hazikurudi, na tatizo sasa likapata mwenzake. Kadi ya picha ikikosa draiva yake, Windows huiendesha kwa draiva ya msingi, kama basi lililoachiwa utingo: litatembea, ila usiulize linatembeaje. Maandishi yakawa makubwa kama ya bango la kampeni, na kila kitu kikavutika kwa upana. Mke wangu akapita, akajiona kwenye picha ya harusi ameongezeka kama kilo 20. "Umenifanyaje?" akauliza. Nikajua jambo limetoka kwenye kompyuta, limeingia kwenye ndoa.

Nikampigia fundi wangu wa Kariakoo. Habari ya draiva hakutaka hata kuisikia.

"Bosi, ule mstari wa chini wenye saa upo?"

"Upo."

"Basi Windows Explorer iko hai. Mstari nao ungetoweka, ningekwambia ubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uiwashe upya. Sasa bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, ingia View. Pale kwenye Show desktop icons pana tiki?"

Hapakuwa na tiki. Nikaiweka. Ikoni zikarudi zote kwa mpigo, zimebanana kama abiria wa daladala saa 12 jioni, na shangazi akafunikwa tena.

Hapo nikakumbuka: jana yake usiku niliifuta mausi kwa pindo la kanga, kompyuta ikiwa inawaka, nikivisugua vitufe kama nasugua sufuria. Mwanangu akadai fidia ya aiskrimu, nikalipa bila ubishi.

Draiva nayo ilibidi niipakue upya kwenye tovuti ya watengenezaji wa kadi. Faili lilizidi MB 500; bando la wiki likazikwa siku hiyohiyo. Fundi akanimalizia: "Siku nyingine ukiishuku draiva, usikimbilie kuiondoa. Shika Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kioo kitazimika kidogo, utasikia bip, draiva itaanza upya. Bure kabisa."

Basi msomaji, ikoni zikikutoroka, tazama tiki kabla ya kumfukuza dereva. Mimi shangazi nimeshampigia simu, nikamwomba radhi.