Taa ya Shangazi

Kwa Mama, Mjomba na wote wa nyumbani Mombasa,

Sisi huku Leicester hatujambo. Shangazi anawasalimu, na habari yenyewe inamhusu.

Jumamosi usiku jirani yetu alitupa lifti kutoka Nottingham. Ni mzee wa Kiingereza, mpole, hapandishi sauti hata timu yake ikifungwa. Tuko kwenye barabara kuu ya M1, giza na manyunyu, Shangazi akawasha taa ya ndani atafute tasbihi kwenye mkoba. Mkoba wenyewe mnaujua. Mzee akamaka: "Zima! Ni kosa kisheria!"

Shangazi akauliza sheria gani. Nanyi mnajua Shangazi akiuliza.

Nimefuatilia. Waingereza wengi waliambiwa hivyo na baba zao walipokuwa watoto wakikaa kiti cha nyuma, nao wakawaambia wanao. Sheria ya kukataza taa ya ndani haipo. Ila polisi akiona taa imekuharibia uendeshaji, atakushika kwa kuendesha bila uangalifu. Kwa kawaida hiyo ni faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Ukifikisha pointi 12 ndani ya miaka 3, huenda ukawa abiria kama sisi usiku ule.

Tusimwonee mzee lakini. Ndani kukiwaka na nje kukiwa giza, kioo cha mbele kinageuka cha kujitazamia: badala ya barabara dereva anaona uso wake, na nyuma yake Shangazi na mkoba. Tena jicho likishapigwa na mwanga halirudii giza mara moja. Kuzoea kabisa huchukua hata nusu saa, na macho ya wazee huchelewa zaidi. Nikazikumbuka matatu zetu, taa za zambarau juu, za kijani chini, dereva katikati akiongozwa na kudra.

Kilichonichekesha ni Highway Code, kitabu chao cha kanuni za barabarani, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1931. Kanuni ya 148 inataja mambo yanayomvuruga dereva: muziki wa kelele, kusoma ramani, kula, kunywa, kuvuta sigara, na kubishana na abiria. Taa haikutajwa. Ubishi umetajwa! Na wale wawili walibishana mpaka mlangoni kwetu, taa imezimwa zamani, kila mmoja akimtetea dereva mwangalifu.

Mjomba, wewe unayepanga kuja: miwani, dawa na simu vitie mfukoni kabla gari halijaondoka. Ukipotelewa na kitu njiani, ngoja tufike kituo cha petroli uwashe taa utakavyo. Na siasa za Kenya, tafadhali, usizianze mimi nikiwa nimeshika usukani.

Wenu,
Mwana wenu wa Leicester