Safu ya Ushauri: Hangova na Jiko la Soweto

Hangova, ambayo Soweto nzima huijua kwa jina la babalas, hushika kasi wakati kilevi kinapokaribia kuisha mwilini. Ndiyo maana mnywaji hulala akiimba na kuamka akiugulia. Pombe huzuia homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji, kwa hiyo mtu hukesha akienda msalani na kupambazukiwa na kiu. Ini nalo, likiwa limeelemewa na kazi ya kuvunja kilevi, hupunguza kutengeneza sukari, na mwili hulegea. Tumbo limechubuka na usingizi ulikuwa wa vipandevipande. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitabibu la BMJ hayakuona tiba hata moja ya hangova yenye ushahidi wa kuridhisha. Basi jiko haliponyi. Hurudisha kilichopotea, huku ini likiendelea kwa mwendo wake: chupa moja ndogo ya bia kwa saa moja na ushei, wala halihimizwi.

Msomaji wa Orlando West, karibu na Mtaa wa Vilakazi, anauliza aanze na nini, maana kila akiinua kichwa, dari nalo huinuka. Wa namna hiyo huanza na maji, tena kwa mafunda madogomadogo. Glasi nzima ikigugumiwa kwa pupa hurudi ilikotoka. Aliyetapika usiku hufaidika zaidi na maji ya sukari na chumvi, yaleyale ambayo wazazi wa Afrika Kusini hufundishwa kuwatengenezea watoto wanaoharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 8 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko hivyo huwa vya kusawazishwa, si vya kurundika. Heshima ya mtu mzima haipungui kwa kunywa dawa ya mtoto.

Tumbo likishatulia, zamu ni ya mageu, kinywaji cha uji wa mahindi uliochachuka kidogo, kinachopatikana katika maduka ya mtaani yaitwayo spaza. Mageu hutia maji na wanga kwa mkupuo mmoja, na huteremka bila kutafunwa. Asiyeipenda ana uji laini wa mahindi wenye sukari, au chai ya rooibos, ambayo haina kafeini. Umqombothi nao hutokana na mahindi na mtama, lakini haumo katika orodha hii; mara nyingi ndio uliomfikisha mtu hapa.

Wa Meadowlands ameambiwa na jirani kwamba dawa ni mogodu tu. Jirani hakukosea sana. Mogodu ni matumbo ya ng'ombe yanayotokota saa nyingi hadi yalainike, na huliwa na pap, ugali wa huko. Kinachomfaa mgonjwa wetu, hata hivyo, ni mchuzi wake: wa moto, wenye chumvi, baada ya kuenguliwa ule utando wa mafuta ya manjano unaoelea juu ya sufuria. Mzaliwa wa Dar es Salaam atamtambua ndugu wa supu yake ya asubuhi, ila ndimu atajitafutia mwenyewe. Matumbo yenyewe yasubiri mchana.

Kota, yaani robo ya mkate iliyochimbwa katikati na kujazwa chipsi, soseji na achari, husifiwa kwamba “inanyonya pombe”. Hainyonyi kitu. Chakula hupunguza kasi ya kilevi kikiliwa kabla ya kunywa au wakati wa kunywa. Alfajiri kilevi kimeshaingia damuni, na achari huchokoza tu tumbo lililochubuka. Kahawa humwondolea usingizi aliyezoea kahawa, bila kumwondolea ulevi. Vidonge vya aspirini huongeza mchubuko wa tumbo, na parasetamoli huliongezea ini mzigo likiwa bado na wa jana.

Mwingine wa Diepkloof anaomba kibali cha kuzimua: bia moja tu, saa nne asubuhi. Nafuu anayoisikia ni ya kweli, lakini ni deni lililosogezwa hadi jioni, na riba yake. Anayelazimika kuzimua kila siku ili mikono iache kutetemeka hana hangova. Ana utegemezi wa pombe, na kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege. Huyo anahitaji kliniki.

Wa Pimville hana shida na kichwa; shida yake ni mama mkwe atakayekaa naye kanisani. Dawa ya meno husafisha kinywa, ilhali harufu hutoka mapafuni pamoja na pumzi, kwa sababu kilevi kiko damuni. Mnanaa hautamwokoa. Wala asiende kwa gari lake: kikomo kwa dereva wa kawaida Afrika Kusini ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, na aliyekunywa hadi usiku wa manane anaweza kukivuka hata jua likiwa limepanda.

Asiyeamshika, anayepumua polepole mno au mwenye midomo iliyogeuka rangi haandaliwi mageu wala supu. Hulazwa kwa ubavu, hapewi chochote mdomoni, na gari la wagonjwa huitwa kwa namba 10177.