Pikipiki Ikianza Kupiga Mbizi

Ukiwa unashuka kutoka Bugando kwenda mjini Mwanza, ukagusa breki ya mbele kidogo tu na pua ya pikipiki ikazama kama mtoto anayeruka ziwani kutoka juu ya jiwe, barabara usiilaumu. Oili ya shokapu za mbele imechoka. Oili ya injini tunaibadili bila kukumbushwa, maana injini ikifa riziki imesimama. Shokapu tunaziacha mpaka zigonge. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mji wetu uko juu ya mawe, na mama anayepanda bodaboda kwenda Isamilo na mtoto mgongoni anategemea mabomba mawili yenye springi na oili isiyojaza glasi.

Springi hubeba uzito. Oili huizuia isirukeruke. Tairi likipanda na kushuka, oili inalazimika kupenya kwenye vitundu vidogo ndani ya shokapu, na kule kupenya kwa shida ndiko kunakotuliza usukani. Oili ikichakaa au ikivuja, springi inabaki peke yake, tairi linadunda, na tairi likiwa hewani breki haina la kufanya.

Basi tenga siku moja, ufanyie kazi uani kwako. Tandika turubai, maana chembe moja ya mchanga ikiingia ndani itakula sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka kreti ya soda na kipande cha ubao chini ya injini mpaka tairi la mbele lining'inie. Itikise kwa nguvu. Ikiyumba, panga upya kabla hujashika spana.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakimbilia kufungua tairi. Subiri. Legeza kwanza bolti ya juu inayoibana shokapu, halafu kifuniko chake cha juu, robo mzunguko tu. Usukani ukikuzuia, usogeze pembeni. Shokapu ikishatoka mahali pake hutakuwa na cha kuishikilia. Nimemwona kijana ameibana katikati ya magoti, anazungusha kifuniko, na jirani amelishikilia bomba kwa koleo. Koleo likateleza, likaacha mkwaruzo kwenye sehemu inayong'aa. Mkwaruzo ule unapita kwenye sili kila tairi likikanyaga shimo, na sili mpya haitadumu.

Sasa toa waya wa breki, waya wa spidi, tairi na madigadi. Kama breki ni ya diski, ifunge pembeni kwa kamba, isining'inie kwenye mpira wake. Pima shokapu imechomoza kiasi gani juu ya kibanio ili uirudishe palepale, kisha legeza bolti ya chini na uivute huku ukiizungusha taratibu. Toa moja, nyingine iache mahali pake uiangalie wakati wa kurudishia.

Unapomalizia kufungua kifuniko, kikandamize kwa kiganja juu ya kitambaa, uso uwe pembeni, kwa sababu springi inakisukuma kwa nguvu. Chomoa springi, angalia ncha ipi ilikuwa juu, kisha pindua shokapu juu ya kopo. Kitakachotoka kinaweza kukuhuzunisha: majimaji ya kijivu kama maji yaliyooshewa dagaa, yenye vumbi la chuma linalometameta juani. Sukuma na kuvuta mara kumi hivi, kisha iache imepinduka nusu saa ijichuje. Kama sili ilikuwa inavuja, ibadilishe sasa.

Kipimo kiko kwenye kitabu cha pikipiki, pamoja na namba ya uzito wa oili. Pikipiki nyingi ndogo huchukua chini ya mililita 200 kila upande. Nunua bomba kubwa la sindano duka la dawa, upime nalo, pande zote mbili sawasawa. Nunua oili ya shokapu kwenye chupa yenye lakiri. Mimi niliwahi kuuziwa oili iliyomiminwa kwenye chupa ya maji; ilikuwa nzito mno, usukani ukawa mgumu kama mpini wa jembe, mikono ikaniuma wiki nzima.

Ukishamimina, sukuma na kuvuta polepole mpaka hewa itoke na uhisi oili inakataa mkono wako. Rudisha springi, funga kifuniko, irudishe shokapu mahali pake kwa kipimo ulichochukua, kaza bolti ya chini, kifuniko na bolti ya juu, na upande wa pili ufanye hivyohivyo. Kisha rudisha madigadi, tairi, breki na waya zake.

Lile kopo la oili chafu usilimwage mtaroni. Mitaro yetu mingi inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, ziwa lilelile ambamo maji yetu ya kunywa yanavutwa pale Capri Point. Itie kwenye dumu na uipeleke gereji inayokusanya oili chafu.

Kabla hujakaza ekseli kwa mara ya mwisho, shusha pikipiki, kandamiza usukani mara tatu nne ili shokapu zijipange, ndipo ukaze ekseli na kukagua kila bolti. Hakikisha breki inashika. Halafu shika breki ya mbele, kandamiza kwa uzito wako wote, achia. Pua itapanda mara moja tu, taratibu, na kutulia.